Chai ya Uchungu ya Mama Semkiwa

Hii nilitumiwa na wifi yangu, naye hakumbuki alitumiwa na nani. Kama una mkwe, isome. Kama wewe mwenyewe ni mkwe wa mtu, isome mara mbili.

Katika kijiji kimoja cha milima ya Usambara aliishi mama mmoja ambaye watu walimwita Mama Semkiwa, kwa jina la mwanawe wa pekee. Mama huyu alijulikana kwa chai yake ya uchungu. Mwanamke wa ukoo wao akiingia mwezi wa nane wa mimba, Mama Semkiwa alichimba mzizi anaoujua yeye, akauchemsha na tangawizi nyingi ili kuficha harufu, akampelekea mwenye mimba anywe ili uchungu ukifika uwe mwepesi. Bibi yake alifanya hivyo, na mama yake pia. Wote waliokunywa walikunja sura, maana mzizi wenyewe ulikuwa mchungu kweli kweli.

Semkiwa akaoa msichana aitwaye Tunu. Tunu alifiwa na mama yake akiwa mdogo, na tangu siku alipoingia nyumba ile Mama Semkiwa alimfanya binti yake. Alimsuka nywele, alimfundisha kupika bada, ule ugali wa muhogo, isiyo na madonge, na akiugua mafua alikesha naye. Semkiwa alikuwa mwalimu wa shule ya mbali, alirudi mwisho wa mwezi tu. Kwa hiyo wanawake hawa wawili waliishi kwa kutegemeana, Tunu juu ya kilima na mama chini yake, na walipendana mpaka majirani wakawaonea gere.

Tunu akapata mimba. Mwezi wa nane ulipokaribia, Nesi Nakunda wa kliniki alimwambia, "Tunu, mitishamba ya kuleta uchungu usiiguse. Mingine hukaza kizazi kabla ya wakati, mtoto akachoka tumboni. Ukipewa chochote, niambie kwanza."

Tunu akarudi nyumbani na mzigo moyoni. Siku ya pili yake, saa kumi jioni, akasikia hodi. Mama mkwe amesimama mlangoni, chupa ya chai kwapani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuletea chai ya uchungu. Unywe ingali ya moto."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Kwa watu wa kule, kukataa kikombe cha mama mkwe ni sawa na kumwambia usoni kwamba ni mchawi. Kukinywa nako ni kumweka mtoto hatarini. Tunu alimpenda mama, na alimpenda vilevile mtoto wake wa tumboni. Akafanya tunachofanya wengi wetu tukibanwa. Akadanganya.

"Ahsante mama. Naiacha ipoe kidogo, nitakunywa."

Mama akakaa. Akamwuliza habari za miguu, akamminya vifundo, akamtazama usoni, akaaga. Alipopinda kona tu, Tunu akabeba chupa, akabana pua, akamwaga chai yote kwenye maboga nyuma ya jiko.

Kesho yake mama akaja na chupa nyingine. Tunu akamrudishia ile ya jana pamoja na parachichi mbili, maana kule chombo cha mtu hukirudishi hivi hivi.

"Ilishuka vizuri?"

"Vizuri mama."

Ikawa hivyo wiki tatu nzima. Chai inakuja, maboga yanakunywa. Sisimizi wakaanza kujipanga pale nyuma ya jiko, na kila asubuhi Tunu aliwafagia, asije mama akawaona akauliza. Lakini kilichomsumbua zaidi ni lile neno "vizuri". Kila akilisema aliona haya.

Siku moja akaamka kichwa kinamgonga. Mchana macho nayo yakaingia ukungu. Akajiambia ni uchovu wa mimba. Saa kumi ilipofika akasikia ndala za mama zinapanda kilima, na siku hiyo hakuwa na nguvu ya kudanganya. Akatia komeo, akajilaza kimya.

"Hodi."

Tunu akajifunika shuka.

"Hodi mwanangu. Ndala zako ziko hapa nje, usinifanye mjinga."

"Nimelala mama. Weka chupa hapo, nitakunywa."

Mama Semkiwa akakaa kizingitini. "Sitaki unywe. Nataka nikuone."

"Nitakunywa mama, kweli."

"Tunu, hujawahi kunywa hata siku moja. Fungua tu."

Tunu akafungua huku analia. Mama hakushughulika na machozi. Aliangalia kope zilivyovimba, na pete ilivyozama kwenye kidole.

"Kichwa?"

"Kinauma tangu asubuhi."

"Macho?"

"Naona ukungu."

Mama hakuuliza tena. Alimfunga kanga, akamwita jirani mwenye gari la kubebea kabichi, na muda si mrefu walikuwa hospitali. Presha ya Tunu ilikuwa imepanda vibaya. Daktari akaamua mtoto atolewe kwa upasuaji jioni ile ile.

"Mngengoja kesho," alimwambia Mama Semkiwa, "ningekuwa naongea na wewe mengine."

Alizaliwa msichana, mdogo lakini mwenye sauti. Asubuhi Tunu alimwona mama mkwe wake amempakata mjukuu, akashindwa kuvumilia.

"Mama, nisamehe. Chai yako yote niliimwaga kwenye maboga."

"Najua. Siku ya tatu nilipita nyuma ya jiko, nikakuta sisimizi wamejipanga."

"Sasa mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukujiuliza? Umeona wapi sisimizi wakifuata mzizi mchungu?"

Tunu akageuza kichwa kumtazama.

"Ile ilikuwa chai ya kawaida," mama akasema. "Majani, tangawizi na sukari. Kabla sijachimba mzizi nilikwenda kumwuliza Nesi Nakunda, naye akanikataza kabisa. Akaniambia, 'Mimi namwona mara moja moja, wewe uko naye kila siku. Mtazame uso na miguu, mwulize kichwa na macho.' Nikaona haya kukwambia kwamba dawa ya bibi yangu nimeiacha. Kwa hiyo nikaendelea kuiita chai ya uchungu. Ungeonja hata tone moja ungejua."

"Na ulipojua naimwaga, kwa nini uliendelea kuleta?"

Mama Semkiwa alimfunika mtoto miguu. "Nilihitaji sababu ya kubisha hodi, mwanangu. Ningekuja kila siku mikono mitupu nikikukodolea macho, ungesema nakuchunga."

Tunu akalia na kucheka kwa pamoja, ameshika mshono. Kisha akaomba kikombe. Mama akammiminia kutoka chupa ile ile ya jana, aliyokuja nayo hospitali, chai imebaki vuguvugu tu. Tunu akanywa mpaka chini, kwa mara ya kwanza.

"Mama," akasema, "mbona sukari imezidi?"

"Sisimizi hawakulalamika."

Mpaka leo mtoto ana jina lake zuri la cheti, lakini bibi yake humwita Sisimizi.

Mpelekee mjamzito unayempenda. Na kama ana mama mkwe, naye mpelekee, ila wasisome kwa kufichana.

Funzo: Dawa yoyote ya mimba mwulize mkunga kwanza, na jibu alilokupa mwambie anayekupenda, ukweli kati ya watu wanaopendana hauna uchungu kama unavyodhani, basi uonje kabla hujamwaga.