Wimbo wa Tetere na Wajuzi wa Migungani

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa gani hiyo, kama ya watu walioshiba ugali wakasinzia? Wa nyuma sikuwasikia kabisa. Nasema tena: Paukwa!

Pakawa!

Haya, hiyo nimeisikia. Aliye na kikohozi akohoe sasa hivi, maana hadithi hii mimi mwenyewe nikiisimulia moyo hunienda mbio.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na nchi zao na mipaka yao. Nchi zilikuwa saba. Kisima kilikuwa kimoja. Kila mwaka, kabla ya kiangazi, nchi zote saba zilikutana kisimani kushindana kwa nyimbo. Kila nchi wimbo mmoja, kila nchi mwimbaji mmoja. Nchi iliyoshinda ilikunywa ya kwanza kiangazi chote. Iliyoshika mkia ilikunywa ya mwisho. Na mnajua huwa kinabaki nini kisimani mwisho? Tope. Tope na vyura.

Nchi ya Migungani ilikuwa imeshika mkia miaka mitatu mfululizo. Mwaka wa tatu walikunywa tope mpaka ndimi zikawa nyeusi. Huko aliishi njiwa mdogo aitwaye Tetere. Mume wake akasema, "Mke wangu, ngoja nikatafute maji kwingine." Puru! Akaruka. Hakurudi. Akamwacha Tetere na kinda mmoja mwenye bawa bovu, asiyeweza kuruka mbali. Kisima kile kile ndicho kilichokuwa tegemeo lake.

Tetere akalia. Akalia, akalia, akanyamaza. Kisha akatunga wimbo. Ulikuwa wimbo wa taratibu sana, hauna kurukaruka. Yeye aliuliza, "Uliyekwenda majini, umefika wapi?" Na watu wote walitakiwa waitikie, "Nipo njiani, nisubiri." Maneno matatu tu. Lakini huko kwao wimbo usioitikiwa ulikuwa nusu ya wimbo.

Wazee wa Migungani wakausikia, wakafuta machozi, wakauchagua. Zikabaki siku saba.

Siku ya kwanza wapenzi wa wimbo wakakutana kivulini, ukingoni mwa korongo. Kila mmoja ana wasiwasi. Na mnyama mwenye wasiwasi, jamani, hanyamazi.

Nyani akaanza. Nyani huyu hakuwahi kuimba hata siku moja, ila alizijua kwa kichwa nyimbo zote zilizowahi kushinda tangu enzi za babu yake.

"Ndugu zangu, mimi sipati usingizi. Wimbo ni mzuri, sikatai. Lakini ni wa taratibu mno! Lini wimbo wa taratibu umeshinda?"

"Ulishinda mwaka wa nzige," akasema Ngiri.

"Mwaka wa nzige mwamuzi alikuwa ameshiba!"

Kanga akajipangusa manyoya. "Mimi wasiwasi wangu si mwendo. Ni yeye Bi Tetere mwenyewe. Mtazameni, rangi ya vumbi! Akisimama pale nani atamwona? Apakwe madoa."

Tetere akasogea, kichwa chini. "Samahani, ndugu zangu. Tungejifunza kwanza kuitikia?"

"Tutajifunza, mama, tutajifunza," akasema Nyani. "Maneno matatu, nani atashindwa? Hebu tuimbie kile kipande cha katikati."

Tetere akaimba. Kuu-kuu, kuu-kuu. Hakufika mwisho.

"Hapo hapo! Simama hapo hapo!" Nyani akaruka juu. "Mmesikia? Hapo panalegea!"

Wakabishana mpaka jua likaingia. Kisha kila mmoja akaenda kwake.

Tetere akabaki pale ukingoni na kinda wake, na ndivyo alivyofanya kila jioni sauti ikiwapo. Akauimba wimbo wote, pole pole. Akauliza mwenyewe, akajiitikia mwenyewe. "Nipo njiani, nisubiri." Ng'ambo ya korongo, katika nchi ya Swala, Swala mmoja aliacha kutafuna. Akainua masikio, akasimama tuli, majani mdomoni.

Siku ya pili Nyani akaja na ngoma. Ndu-ndu-ndu! Ndu-ndu-ndu! "Tutie hii mwanzoni." Ngiri akasema ikitiwa ngoma yeye haendi kisimani. Siku ya tatu wakagawanyika, hawa wa Ngoma, hawa wa Taratibu, wakawa hawasalimiani hata wakipishana njiani. Siku ya nne Kanga akaja mbio, pumzi zimemkata.

"Mmesikia? Mmesikia? Swala wanamleta Chiriku! Chiriku yule wa nyimbo za mbio!"

"Tumekwisha," akasema Ngiri, akaketi chini pwaa. Siku mbili hakula kitu.

Na kila siku Tetere aliwauliza, "Ndugu zangu, na kuitikia?" Na kila siku walimjibu, "Kesho, mama. Leo tuna jambo kubwa. Hebu imba tena pale mwanzo. Imba kwa kasi. Sasa imba pole pole. Sasa imba kama unacheka."

Akaimba kama anacheka! Mume amepotea, na yeye aimbe kama anacheka. Mimi jambo hili huniuma.

Siku ya tano sauti ikaanza kukwaruza. Siku ya sita alipofungua mdomo ilitoka pumzi tu, hhh, hhh. Akarudi kiotani.

"Mama," akasema kinda, "mwaka huu tutakunywa?"

"Tutakunywa, mwanangu."

"Maji au tope?"

Tetere akamfunika kwa bawa. Alijua mtoto hataweza kumaliza kiangazi kingine cha tope.

Siku ya saba ikafika. Njia nzima ya kwenda kisimani Migungani walikuwa wakibishana. "Nawaambia asimame kushoto!" "Kushoto kuna upepo!" Tetere aliruka mbele yao, kimya, akiitunza sauti iliyobaki, ndogo kama ya mgonjwa.

Mwamuzi alikuwa Kakakuona. Mnamjua Kakakuona, yule wa magamba, ambaye watu humwekea vitu mbele yake wakangoja waone atachagua kipi. Basi kila nchi iliweka jani lake chini. Nyimbo zikiisha, Kakakuona hutembea, na jani atakalolilalia ndilo la nchi iliyoshinda. Hasemezwi, hasukumwi.

Nyimbo zikaimbwa. Chiriku akaimba wake, chiri-chiri-chiri, kisima kizima kikacheza. Nyani akajishika kichwa. "Nilisema mimi! Nilisema ngoma!"

Kisha Tetere akasimama. Hana madoa, hana ngoma. Akaimba kwa ile sauti ndogo. Nchi saba zikanyamaza, jii. Hata vyura walinyamaza. Ngiri machozi yakaanza kumtoka, akamnong'oneza Nyani, "Tunashinda, ndugu yangu. Wallahi tunashinda."

Tetere akafika pale pa kuitikiwa. Akawageukia watu wake.

"Uliyekwenda majini, umefika wapi?"

Kimya.

Nyani akamtazama Ngiri. Ngiri akamtazama Kanga. Kanga akatazama miguu yake. Siku saba walikuwa wameuchambua ule wimbo, mwendo wake, mwanzo wake, pahala pa kusimama, na hakuna hata mmoja aliyejua la kujibu.

"Ni... nimefika?" akajaribu Nyani, chini chini.

"Siyo hivyo! Ni 'ningoje'," akasema Kanga.

"Nyamazeni, mnatuaibisha!" akasema Ngiri.

Tetere akasubiri. Jamani, alivyosubiri! Macho yamemtoka, anawatazama mmoja mmoja. Akavuta pumzi, akauliza mara ya pili, na sauti ikapasuka katikati.

"Uliyekwenda majini... umefika wapi?"

Ndipo upande wa pili wa kisima ikatoka sauti moja.

"Nipo njiani, nisubiri."

Ni yule Swala. Alikuwa ameusikia jioni tano, akawafundisha wenzake malishoni. Wakaitikia kumi. Wakaitikia mia. "Nipo njiani, nisubiri! Nipo njiani, nisubiri!" Tetere akafumba macho, machozi yanatiririka. Aliimba mpaka mwisho, na kila alipouliza alijibiwa.

Kakakuona akaanza kutembea. Kwata, kwata, kwata. Akaja moja kwa moja kwenye jani la Migungani. Akalinusa. Akalipita. Kwata, kwata. Akaenda akalilalia jani la Swala, akajikunja.

Migungani wakalipuka. "Dhuluma! Wimbo ni wetu! Mwimbaji ni wetu!"

Kakakuona akatoa pua nje. "Macho yangu hayaoni mbali," akasema. "Mimi hufuata pale wimbo ulipoitikiwa. Kama ni wenu, haya, uitikieni sasa."

Wakafungua midomo. Huyu akasema hili, yule akasema lile, ikawa kelele tupu. Maneno yenyewe walikuwa wameyasikia punde hivi, lakini walikuwa wameanza kubishana nani alisababisha. Kakakuona akarudisha pua ndani.

Wimbo wao ukahesabiwa wa Swala, na nchi isiyo na wimbo huwekwa mwisho. Migungani wakapewa tope.

Swala wakamjia Tetere. "Bi Tetere, kwetu kuna mti mzuri karibu na kisima. Njoo ukae. Mwanao tutambeba." Na kweli walimbeba, yule kinda wa bawa bovu, juu ya mgongo wa Swala, akishuka korongo na kupanda ng'ambo, anacheka.

Ngiri akakimbia nyuma yao mpaka ukingoni. Alikuwa analia kwelikweli.

"Bi Tetere! Unatuacha? Sisi tulikupenda! Hatukula, hatukulala kwa ajili yako!"

Tetere akageuka. Hakuwa na hasira.

"Najua mlinipenda, Mzee Ngiri," akasema. "Lakini niliuliza mara mbili."

Puru! Akaruka ng'ambo.

Funzo lake sitalificha, wakubwa kwa wadogo. Wasiwasi si msaada. Mwenzenu akibeba jambo la wote, jifunzeni kwanza sehemu yenu, hata ikiwa ni maneno matatu. Ya kumkosoa mtayapatia siku nyingine.

Hadithi yangu imefika hapo, nami naitua chini. Aliye na kiu na akanywe maji, akalale.