Kitawi Kilichobaki cha Bi Mize

Kaeni vizuri, na mwenye usingizi akalale, maana leo nataka hukumu. Watu ni watatu. Bi Mize, mkulima wa mwani, alijaliwa macho ya kuona kile ambacho wenzake wanakikanyaga. Vuai, fundi wa maabara, alijaliwa mikono isiyochoka. Daktari Rukaya alijaliwa kichwa cha kusoma vinasaba kama wewe unavyosoma barua.

Mwaka ule bahari ilipata joto. Mwani wa pwani nzima ukageuka mweupe, ukalainika, ukakatika kwenye kamba. Wanawake wakang'oa vigingi vyao wakarudi nyumbani wakilia. Bi Mize peke yake aliinama, akaona shina moja lililobaki na rangi yake. Akalitunza wiki sita, akilisogeza kidogo kidogo kwenye maji yenye kina.

Vuai akamfuata huko huko. Alikuwa mtoto wa kijiji kile, na mama yake naye alipoteza kamba zote.

"Shikamoo, Bi Mize. Naomba mbegu."

"Marahaba, mwanangu. Nani alinyimwa mbegu hapa kwetu?"

Ndiyo desturi yao. Anayeomba hupewa matawi machanga, mwenyewe hubaki na kisiki, kwa sababu aliyepewa atapanda, na msimu ukiisha atarudisha. Bi Mize akampa machanga yote. Vuai hakumwambia kwamba anakwenda kuyasaga. Aliona haya kusema, na kwa haya hizo mimi sijamsamehe mpaka leo.

Alichotumwa na Rukaya kutafuta ni kloroplasti, vile vichembe vinavyokamata jua na kulipikia shina chakula. Lakini mwani una mlenda unaoharibu kila kitu, na mafundi wawili walikwisha kushindwa kabla yake. Fungu la kwanza akalisaga, akapata mlenda mtupu. La pili, vivyo hivyo. La tatu akaliosha siku nne kwa maji ya barafu, vidole vikafa ganzi, na mwisho akapata tone moja safi.

Rukaya akalisoma tone lile miezi mitatu. Vinasaba vya kloroplasti hujifunga duara, na duara hilo akalilinganisha, herufi kwa herufi, na la ile mbegu ya kigeni ambayo pwani nzima huipanda. Akakuta kipande kimoja kimegeuka, kinasomeka kinyumenyume.

"Huu ni ukoo mwingine," akasema. "Ni wa hapa hapa, hatukuletewa na mtu."

Bila yeye, shina lile lingechanganywa na mengine likapotea, na hakuna ambaye angejua limepotea nini.

Msimu ukapita. Kisiki cha Bi Mize kikaoza, naye akaenda maabara kuulizia mbegu yake. Vuai akainamisha kichwa. Baada ya kusaga kote kule, alikuwa amenusuru kitawi kimoja tu, urefu wa kidole gumba, ndani ya chupa. Kukikata ni kukiua.

"Nipeni nikapande," akasema Bi Mize. "Sina kingine."

"Na mama yangu je?" akasema Vuai. "Mimi ndiye niliyekibakisha, Bi Mize. Niliambiwa nikisage nacho, nikakataa."

"Baharini joto litakimaliza," akasema Rukaya. "Kikibaki hapa, baada ya miaka miwili nitaipa mbegu pwani nzima."

"Miaka miwili tule nini, Daktari? Na kikifa humu chupani?"

Rukaya akaiweka chupa mezani, katikati yao.

Haya, wasikilizaji. Msiniambie wagawane, masikio mnayo na nimekwisha kusema. Wala msinikimbilie kwa kusema mwenye macho ndiye wa kwanza, kwa kuwa bila ile mikono na kile kichwa kitawi hiki kingekuwa mwani tu kama mwingine. Inaniuma, kwa sababu kila mmoja wao anasema kweli.

Chupa iko mezani. Je, wewe ungempa nani, na wale wawili ungewatazama vipi usoni?