Shembilu na Mlima Usiojijua

— Paukwa!
— Pakawa!
— Masikio mmeleta?
— Tumeleta!
— Na mdomo?
— Huo unao wewe!

Haya, sogezeni kuni, mkae. Ngano hii anayeijua ni mimi peke yangu, kutoka hapa mpaka linakotokea jua. Shule sikuingia hata kwa dirisha, lakini maneno ninayo. Ukiyapakia kwenye punda mia, watalala chini wote mia.

Hapo kale, milima ilipokuwa bado inaitikia salamu, palikuwa na mlima unaitwa Kwembaga. Mrefu! Ukidondosha jiwe kutoka kileleni, linafika chini limeota ndevu.

Chini yake palikuwa na kijiji, na kijiji kina mila yake. Asubuhi, kabla uji haujagusa mdomo wa mtu, kila mtu anatoka nje, anautazama mlima, anasema, "Shikamoo, Babu Mlima!" Mlima unaitikia, "Marahabaa!" mpaka vyungu vinatikisika. Usipouona mlima, husalimu. Usiposalimu, hunywi. Mkubwa hanywi, mdogo hanywi, hata mzazi wa jana hanywi.

Humo kijijini aliishi Shembilu, mchoraji. Rangi zake chokaa, udongo mwekundu na masizi. Brashi yake ndevu za mbuzi. Na alichora kitu kimoja tu, mlima. Ukuta wa mbele, mlima. Ukuta wa nyuma, mlima. Jikoni, mlima.

Basi mkewe, Namvua, akajifungua mtoto. Mama mkwe wa Shembilu akaja kumwangalia mzazi. Nanyi mnajua, enzi zile mama mkwe na mkwewe hawasemezani. Mwenye neno anamwambia mbuzi, mbuzi anafikisha.

Mama mkwe akajitanda nguo usoni, akampa mkwewe mgongo. "Mbuzi, mwulize mwenye nyumba. Mlima uko pale. Wa nini mwingine?"

Mbuzi akageuka. "Anauliza, mlima uko pale, wa nini mwingine?"

Shembilu akachovya brashi kwenye masizi, akamgeukia mbuzi.

"Mbuzi, mwambie nimesikia."

"Amesikia," mbuzi akasema. "Ila jibu hana."

Siku ile Shembilu hakula. Yaani alikula, lakini sahani tatu tu. Miaka yote hii anachora, anachora nini? Kwa ajili ya nani?

Akamfuata mbuzi. "Rafiki yangu, kazi yangu ina faida gani?"

"Faida siijui," mbuzi akasema. "Hasara naijua. Nitazame kidevu."

Akamfuata ndege hondohondo. "Ndugu yangu, kazi yangu ina faida gani?"

"Unaniuliza mimi? Juzi nimetua kwenye mti wako wa ukutani, mti ukanikataa. Tazama mdomo wangu!" Ulikuwa umepinda, na mpaka leo umepinda, kamwangalieni. "Mlima uko pale, una miti inayokalika. Wa nini mwingine?"

Shembilu akasema, basi. Akakusanya vibuyu vyake vya rangi, akapanda Kwembaga akavitupe korongoni, asichore tena mpaka kufa. Akainua kibuyu cha kwanza.

"Wee! Unanitupia nini kitovuni?"

Ni mlima huo, unasema.

"Shikamoo, Babu. Ni rangi. Nimeacha kuchora. Nilikuwa nakuchora wewe, na wewe si upo?"

"Unanichora mimi?" Mlima ukashtuka, nyani wakadondoka mitini. "Nikoje?"

"Kwani hujioni?"

"Macho yangu yanatazama nje, mjukuu wangu. Watu wananiamkia tangu dunia haijakauka, na sijui wanaamkia nini. Niletee nijione!"

Shembilu akashuka mbio. Ukuta haubebeki, akang'oa mlango wa nyumba yake, akauchora mlima pale mlangoni, akajitwika mpaka juu.

Mlima ukatazama. "Huyu nani?"

"Ni wewe, Babu."

"Mbona ana kipara?"

"Hapo uliungua moto."

"Na kovu hili?"

"Hapo uliporomoka."

"Na tumbo je?"

"Tumbo, Babu, ni lako la siku zote."

Mlima ukavuta wingu, ukajifunika gubigubi kama mwali.

Kesho yake watu wakatoka kusalimu. Mlima hauonekani, uji haunyweki. Siku ya pili, mlima hauonekani, uji haunyweki. Tumbo la mama mkwe likanguruma, majirani wakaanua nguo wakidhani mvua. Siku ya tatu maziwa ya Namvua yakakata, mtoto analia mpaka sauti inaisha.

Wanaume wakaja na marungu. "Shembilu, mlima wetu umeufanya nini? Mlima usipoonekana leo, unahama wewe!"

Mama mkwe akawapita, bakuli la uji mkononi, akasimama mbele ya ukuta. "Mila imesema utazame mlima usalimu. Haikusema mlima upi. Shikamo..."

Akakwama. Akasogea. Akasogea tena mpaka pua inagusa chokaa.

"He! Hapa penye kipara ndipo tulipokuwa tunaokota kuni usichanani. Na kovu hili! Siku ile mlima uliporomoka, udongo ukaja mpaka mlangoni kwa mama yangu, ukakata kona. Jamani, tazameni, ulikata kona kweli!" Akaweka bakuli chini. "Miaka hamsini nauamkia mlima huu na jicho langu liko kwenye uji. Leo ndiyo nimeuona. Mzuri, jamani! Mzuri na tumbo lake!"

Kule juu wingu likafunuka upande mmoja.

"Umesemaje, binti?"

"Nimesema shikamoo, Babu."

"Baada ya hapo."

"Nimesema mzuri!"

"MARAHABAA!"

Wingu likapasuka vipande saba, kimoja kikaangukia nchi ya jirani, wakakila wakidhani maziwa ya mgando. Namvua akanywa uji vibuyu vinne, mtoto akanyonya akanenepa siku hiyo hiyo.

Mama mkwe akageuka, uso wazi, mbuzi hakumtafuta. "Shembilu, mwanangu. Kwangu utakuja lini kuchora? Na uanzie kwenye kovu."

"Leo, mama," Shembilu akasema, na tayari alikuwa anakoroga udongo.

Basi, wenzangu, kitu cha kila siku ndicho kisichoonekana, mpaka atokee mtu akuwekee mbele ya pua. Ngano yangu nimeifunga kamba, anayetaka aibebe. Na anayesema nimetia chumvi, aseme wapi, nimwongezee.