Bi Mboni na Usingizi wa Machano

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo kajibu kwa mwayo? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mko macho. Atakayesinzia nitamwacha njiani, hadithi iende bila yeye.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji cha wakulima wa mpunga. Majogoo walikuwepo, lakini watu wa pale hawakumwamini jogoo. Walimwamini Bi Mboni. Kazi yake ilikuwa kuamsha watu. Kila alfajiri alishika fimbo yake akapita mlango kwa mlango. Ko! Ko! Ko!

Wala hakuwaamsha wote sawasawa. Mwenye lepe tu alimkoholea dirishani, akaamka. Aliyelala fofofo aligongewa mara tatu. Aliyelala usingizi wa pono, yule samaki anayeokotwa kwa mkono asijue, huyo aliletewa maji ya kisimani. Mgonjwa aliyekesha na homa, kisha akapata usingizi wa mang'amung'amu kunakucha, Bi Mboni alimpita kwa kunyata. Sisi twasema usingizi, basi. Yeye aliuona kama wali: kuna bokoboko, kuna mkavu, kuna ukoko.

Sasa sikilizeni sheria yao. Mpunga ukikaribia kuiva, majaruba mawili yaliyopakana yalikuwa na dungu moja, lile jukwaa la miti la mlinzi, na walinzi wawili. Mmoja akeshe usiku kufukuza nguruwe. Mwenzake aje alfajiri ampokee, aamie ndege wasile mpunga mpaka jua lizame. Ukikutwa umelala juu ya dungu, jaruba lako linakwenda kwa mwenzako. Lakini ukilala nyumbani kwako, huna kosa. Kosa ni la mwamshaji.

Palikuwa na mjane, jina lake Siwema. Hakuwa na shamba jingine, hakuwa na ndugu, alikuwa na jaruba moja aliloachiwa na marehemu mumewe. Zamu yake ilikuwa ya usiku. Mwenzake wa alfajiri alikuwa Machano, mwanamume mwenye afya, mashavu yamemjaa.

Siku ya kwanza Siwema akakesha na nguruwe. Kukapambazuka. Machano hakuja. Ndege wakaja, vuuu! Siwema akashika teo, akarusha jiwe, fyuu! Akaamia mpaka magharibi, na usiku ukamkuta palepale.

Siku ya pili Machano hakuja. Vuuu! Fyuu!

Siku ya tatu hakuja. Vuuu! Fyuu!

Siku ya nne, jua likiwa utosini, vuuu! Fyuu haikusikika. Ndege walitua, wakala wakashiba. Hapo ndipo Machano alipotokea, siku nne hajaonekana, akapiga yowe kijiji kizima kikasikia. "Amelala! Njooni mwone! Siwema amelala!"

Kesho yake asubuhi Jumbe akaita baraza. Siwema aliketi mbele ya watu, macho mekundu, midomo imekauka. Alijua jaruba likiondoka ataondoka nalo, na hakuwa na pa kwenda.

Jumbe akauliza, "Siwema, ulilala?"

"Nililala, Jumbe. Siwezi kusema uongo."

"Na wewe Machano, siku nne ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, Jumbe. Usingizi wangu ni wa pono, hata ngoma hainiamshi. Kama sikuamka, muulizeni mwamshaji."

Watu wakageuka kumtazama Bi Mboni. Bi Mboni akainuka polepole.

"Jumbe, naomba kumuuliza huyu mjukuu wangu. Machano, ulimkuta Siwema amelala vipi?"

"Amelala tu, Bibi. Usingizi ni usingizi."

"Alitandika mkeka?"

"Hapana."

"Alijifunika kanga?"

"Hapana. Alikuwa amekaa kitako."

"Na teo?"

Machano akajikuna shingo. "Teo lilikuwa mkononi."

"Lina jiwe?"

"Lina jiwe, Bibi."

Bi Mboni akawageukia watu. "Mvivu hujilaza, hutafuta kivuli na mto. Huyu hakulala, alipitiwa. Usingizi ulimvizia jiwe likiwa mkononi. Siku nne hajapata hata lepe! Nani kati yenu angefika ya tatu?"

Jumbe akasema, "Maneno yako mazuri, Bi Mboni. Lakini kwa nini hukumwamsha Machano?"

"Niligonga, Jumbe. Ko! Ko! Ko! Ndani nikasikia mkoromo, khorrr! Nikigonga, mkoromo unanyamaza. Nikitulia, khorrr! Nikamwaga maji dirishani. Nikasikia mtu anavuta shuka. Jamani, aliyelala hasikilizi mlango!"

Kicheko kikaanza pembeni.

"Uongo!" Machano akafoka. "Sikusikia kitu!"

"Na leo alfajiri je? Leo sikugonga. Nilinong'ona tu dirishani: wanagawa jaruba la Siwema. Kabla sijamaliza, ulifungua mlango ukanipita mbio nusura uniangushe. Kama nasema uongo, jitazame hiyo kanzu yako."

Machano akajitazama. Baraza zima likamtazama. Kanzu ilikuwa ndani nje, mishono yote iko hadharani! Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Machano hakucheka, alitamani ardhi ipasuke.

Jumbe akatoa hukumu. Jaruba ni la Siwema. Machano atakesha dunguni siku nne, mchana na usiku, peke yake, aonje.

Siwema akalia, akataka kumpigia Bi Mboni magoti. Bi Mboni akamshika mkono. "Mwanangu, shukrani baadaye. Twende ukalale." Alimlaza kwenye kitanda chake mwenyewe, akakaa mlangoni na fimbo. Mwanamke akija kutwanga karibu, Bi Mboni anainua kidole. Mtoto akipiga kelele, anainua kidole. Siwema alilala mpaka jua la siku ya pili.

Miaka ikapita. Alfajiri moja fimbo haikusikika. Watu waliamka jua limeshatoka, wakashangaa. Siwema akaenda kugonga. Ko! Ko! Ko! Kimya. Akaingia, akamkuta Bi Mboni amelalia ubavu, kiganja chini ya shavu. Akamgusa mkono. Ulikuwa wa baridi.

Siwema akatoka, akafunga mlango taratibu. Watu walikuwa wamejaa uani.

"Bibi amelala," akasema.

Hakuna aliyeuliza usingizi gani. Tangu siku ile fimbo ilishikwa na Siwema.

Basi, wenzangu, kabla hamjamhukumu aliyelala zamuni, muulizeni kwanza yule aliyepaswa kumpokea. Hadithi yangu imeishia hapo. Aliye macho aichukue, aliyesinzia asimuliwe na jirani yake.