Mto Muulize Mchota Maji

“Mto muulize mchota maji, usimuulize mwenye gari.”

Aliyesema hivyo ni Mama Semeni, muuza chai wa korongo la Chihembe, akimwambia kijana wa bodaboda aliyekuwa ameshawasha pikipiki ili aingie majini. Kijana akaizima. Korongo lilikuwa limejaa maji mekundu tangu alfajiri, na sisi sote tuliotaka kuvuka tulibaki kibandani, tunakunywa chai ya rangi na kuwalaumu watu wa huko juu kwa mvua yao, kana kwamba waliiagiza.

Kwenye benchi langu walikaa wanafunzi watatu wa bweni, wageni wa upande huu, wanaorudi shule. Mmoja wao, Dorika, binti wa kidato cha tatu mwenye maswali mengi kuliko mtihani, akanigeukia.

“Kaka, mbona maneno hayo kila mtu huku anayasema? Hata mwalimu wetu wa jiografia anayasema. Yametoka wapi?”

“Umemuuliza mtu mwenyewe,” nikamjibu. “Mimi nilikuwamo ndani ya gari hilo. Tulikuwa watatu, na kati ya hao watatu ni mimi peke yangu niliyefunga mdomo wangu kwa adabu. Nalisema hilo bila kujisifu.”

Mama Semeni akakohoa kule jikoni. Nikadhani ni moshi.

“Methali hii,” nikawaambia, “mwanzo wake ni huu.”

Miaka minne iliyopita, mwezi wa kwanza kama huu, nilikuwa mtangazaji wa gari la chanjo. Msicheke. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Matokeo yangu yalikuwa ya kawaida, sauti yangu haikuwa ya kawaida. Zahanati ikanikabidhi spika, ile ya kufunga juu ya paa, nami nikakaa kiti cha nyuma na maiki mkononi, nikiwaita akina mama walete watoto. Mbele alikaa Nesi Winfrida. Dereva alikuwa Chedieli, Mpare mmoja mrefu, maneno yake machache, na kofia yake nimeiona imevuliwa mara moja tu.

Gari lenyewe sasa. Lilikuwa fowili, yaani tairi zote nne zinavuta. Lilikuwa na bomba la kupumulia lililopanda mpaka juu ya paa, na mbele lilikuwa na winchi yenye waya wa kumvuta tembo. Chedieli alikuwa ameivuka Chihembe kwa gari hilo miaka tisa. Alama mbili za matairi ziliingia mchangani upande huu zikatokea upande ule, zimenyooka kama reli, na aliyezichora ni yeye.

Siku ile tulikuta korongo lina maji. Hayakuwa mengi, ukiyatazama unayakadiria ya magotini, yametulia, rangi ya chai ya maziwa. Ng’ambo ya pili, kwenye kivuli cha migunga, walikuwa wamekaa akina mama kama arobaini na watoto wao. Mwezi uliotangulia gari letu halikufika, lilikuwa gereji. Nesi Winfrida alikwenda mwenyewe kwa miguu kuwaomba radhi, akawapa neno lake: mwezi huu nitakuja, iwe mvua, iwe jua. Nao wakamjibu waziwazi, “Nesi, tunatembea mwendo wa saa tatu na watoto mgongoni. Tukirudi bure mara ya pili, usitusubiri tena.” Na wiki ile ile surua ilikuwa imeingia kijiji cha jirani. Kwa hiyo kwenye miguu ya nesi kulikuwa na sanduku la chanjo, na barafu iliyokuwa ndani yake ilikuwa ya kufika saa kumi jioni. Haikuwa barafu ya kufika kesho.

Sasa lijueni jambo moja la korongo hili. Wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu; maji yako chini. Akina mama wanachimba visima mle mle mchangani, kila mmoja na chake, wanachota kwa kibuyu kidogo kidogo mpaka ndoo ijae. Kisima kikikauka, mwenyewe anahama, anachimba pengine. Mwaka ule maji yalikimbilia chini sana, na mahali pa mwisho yalipobaki ni pale pale kwenye njia ya magari. Akina mama wakachimba visima vyao katikati ya alama za Chedieli. Yeye angejuaje? Alikuwa na miezi miwili hajapita. Na mafuriko yakija, kisima hakionekani tena. Kinajaa mchanga mlaini na tope; juu kinasawazika kama sakafu, chini ni uji.

Hayo nayajua leo. Siku ile aliyeyajua alikuwa amesimama ukingoni na ndoo tupu, anaitwa Mama Nyemo. Alipotuona tumesimama akaja mpaka dirishani kwa dereva.

“Mbukwenyi,” akatusalimu Kigogo, kisha akaingia moja kwa moja kwenye jambo lake. “Msipite hapa, wanangu. Hapa pana visima vyetu. Zungukeni pale kwenye jiwe jeupe, chini yake kuna mwamba. Au mmoja wenu ashuke, nimwonyeshe kwa miguu.”

“Chedieli,” nesi akasema, “unamsikia mama?”

Hapo nikanywa chai yangu. Ilikuwa imeshapoa.

“Dereva akasemaje?” Dorika akauliza.

“Dereva...” nikavuta pumzi. “Alisema maneno ambayo nikiyakumbuka hata leo nachoka. Alisema, ‘Mama wa ndoo anajua nini habari za gari? Hili linavuka mto, halivuki karai!’ Na aliyasema kwa sauti, jamani, mpaka akina mama wa ng’ambo wakasimama.”

Dorika akageuka akalitazama korongo. Akalipima kwa macho, polepole, ukingo kwa ukingo.

“Waliokuwa kule wakasikia?”

“Chedieli ana kifua.”

“Si umesema maneno yake machache?”

“Machache, lakini makubwa.”

“Na spika yako?”

“Ilikuwa imezimwa. Natunza betri.”

Mama Semeni akakohoa tena, na safari hii jiko halikuwa na moshi hata kidogo. “Na maji yangu yanachelewa leo,” akasema, hakumwambia mtu yeyote hasa. “Huyu mama anayenichotea angefika sasa hivi ningefurahi sana.”

Sikumjali. Niliendelea.

Chedieli akatia gia nzito, akaingia. Mita kumi za kwanza tulikwenda kama mabwana harusi. Maji yakagonga milango, bomba likapumua juu huko, nesi akaanza kuwapungia mkono akina mama wake. Kisha tairi ya mbele kushoto ikazama ghafla, kama mguu uliokosa ngazi. Gari likainama. Chedieli akakanyaga mafuta, na ubaya wa fowili kwenye uji ni huu: tairi zote nne zinavuta, basi zote nne zinachimba. Kila alipokanyaga tulishuka. Maji yakaingia mlangoni. Nesi akalitoa sanduku miguuni akaliweka mapajani, kisha kifuani, kisha begani.

“Acha kukanyaga, Chedieli! Unatuzika!”

“Basi tutumie winchi,” akasema.

Winchi inataka mti. Mti wa karibu ulikuwa mita mia, waya ulikuwa mita thelathini. Chedieli akatokea dirishani, mguu mmoja una kiatu, mwingine peku, akasimama ndani ya maji ya kiunoni akilitazama gari lake la miaka tisa, kama mfugaji anayemtazama ng’ombe aliyelala akakataa kunyanyuka.

“Kwa nini kiatu kimoja?” Dorika akauliza.

“Nini?”

“Umesema mguu mmoja ulikuwa peku. Kiatu cha pili kilikwenda wapi?”

“Kilichukuliwa na maji. Dada, wewe sikiliza hadithi, usikague viatu vya watu.”

Basi. Mama Nyemo akaita kutoka ukingoni. “Mnaliona povu hilo na vijiti vinavyoshuka? Korongo linaleta mengine! Nipeni sanduku!”

Nesi alikuwa karibu kulia, lakini kwa hasira. “Mama, sanduku hili likilowa, nimekwisha mimi na watoto wale.”

“Mwanangu, nabeba ndoo ya lita ishirini kichwani tangu sijavunja ungo. Umewahi kuniona nimelowa?”

Akaja. Hakuja kwenye alama za matairi. Alizunguka kwenye jiwe jeupe, akakata kushoto, akasimama, akasogea hatua mbili kulia, maji hayajampita magoti. Akavua khanga ya juu, akaiviringisha ikawa kata, akaitia kichwani, juu yake akaweka sanduku. Hakulishika hata kwa kidole. Nesi akashuka akamfuata, ameshika pindo la nguo yake kama mtoto anayepelekwa sokoni. Akakanyaga pale pale alipokanyaga mama, hatua kwa hatua, mpaka wakafika ng’ambo, mimi na Chedieli nyuma yao.

Sindano ya kwanza ilichomwa saa sita. Ya mwisho ilichomwa saa tisa na nusu, na vipande vya barafu vilikuwa bado vinagongana sandukuni. Hakuna mama aliyerudi bure. Gari nalo lilizama mpaka madirishani saa nane, na kesho yake likavutwa na ng’ombe kumi na wawili. Ule waya wa kumvuta tembo ulifungwa kwenye nira.

Jioni ile, tukiwa tumekaa ng’ambo tumelowa kama kuku, Chedieli alimfuata Mama Nyemo. Akavua kofia. “Mama, siku nyingine nitajuaje?”

Mama Nyemo alikuwa amechoka, na alimjibu kama mtu anayeeleza jambo kwa mara ya mia. “Wewe unauona mto mara moja kwa mwezi, baba. Mimi nauona asubuhi na jioni, najua umelala wapi na umeamkia wapi. Mto muulize mchota maji, usimuulize mwenye gari.”

“Na tangu siku hiyo,” nikawamalizia wanafunzi, “madereva wote wa tarafa hii wakiwa na kiburi, wanaambiwa maneno hayo. Kiburi cha dereva, wadogo zangu, ni kitu kibaya sana.”

“Semeni, maji yako haya.”

Sauti ilitoka nyuma yangu. Mama Nyemo alikuwa amesimama nyuma ya benchi, ndoo imejaa kichwani na haijamwagika hata tone. Sijui alikuwa pale tangu saa ngapi. Wanawake wa Chihembe wanatembea bila kishindo, na hiyo ni tabia ambayo inafaa ikemewe.

“Shikamoo, mama,” nikasema haraka.

“Marahaba, Ezra. Unasimulia vizuri. Waambie na habari ya kiatu.”

“Mama, hadithi imeshakwisha.”

Akatua ndoo, akamgeukia Dorika kama vile mimi ni sehemu ya benchi. “Dereva alikuwa ameshafungua mlango, mwanangu. Kiatu cha kwanza alikuwa amekivua, ashuke nimwonyeshe njia. Muungwana yule. Ndipo tukasikia juu ya paa, ‘Mama wa ndoo anajua nini habari za gari?’ Ilitoka kwenye spika! Mbuzi wangu walikurupuka. Akina mama wote kule ng’ambo wakaangua kicheko, na dereva wa watu akaona haya. Akafunga mlango, akaingia majini na kiatu kimoja.” Ndipo akanitazama. “Leo unamsingizia, na hayupo.”

Benchi lote likanigeukia. Hata yule wa bodaboda.

“Ulisema umeizima,” Dorika akasema.

“Kitufe kilikuwa kibovu.”

“Na hajawaambia alivyofanywa na nesi!” Mama Semeni akadakia, ameacha kabisa habari ya chai. “Alipandishwa punda na spika yake na betri yake, siku tatu, kijiji kwa kijiji, atangaze maneno ya Mama Nyemo kama yalivyo. Kwani mnadhani methali imefikaje mpaka kwa mwalimu wenu?”

Ni kweli. Siku tatu, juu ya punda. Na ile betri, ambayo siku nyingine zote ilikuwa inakufa saa sita mchana, siku hizo tatu haikufa.

Maji yalikuwa yameanza kupungua. Kijana wa bodaboda akainuka, akavua viatu vyote viwili, akamwendea Mama Nyemo na kuinama. “Shikamoo, mama. Leo njia iko wapi?”

“Nifuateni,” akasema.

Wanafunzi wakatia mabegi yao kichwani wakamfuata kwa mstari, wakazunguka kwenye jiwe jeupe, maji yamewafika magotini. Walipofika katikati Dorika akageuka, akaweka mikono mdomoni, na bila spika wala betri akanipigia kelele mpaka kibanda kizima kikasikia:

“Mto muulize mchota maji, usimuulize mwenye gari!”

Na yule wa bodaboda, mbele yake, akaitikia:

“Wala mwenye spika!”