Msonobari wa Timu ya Ihemba

"Kibao ni kimoja, jina ni moja, na chuma kinapoa!" Fundi Kadinde alipaza sauti juu ya sauti zao. "Mnanitajia, au nirudi kwenye madawati yangu?"

"Andika Sekela," alisema Sekela. "Aliyetupa mpira ukaingia ni nani? Ni mimi. Yamekwisha."

"Yamekwisha wapi?" Namsifu alimgeukia. "Wewe ulikuwa umeukumbatia mpira kama mtoto mwenye homa. Bila mdomo wangu ungekuwa umeukumbatia mpaka leo."

"Na bila mimi," Ezelina alisema taratibu, "mngegombania mti upi?"

"Wewe!" Sekela akacheka. "Msimu mzima hujafunga hata kikapu kimoja. Hata kwa bahati mbaya!"

Hapo ndipo walipofika, ndani ya karakana ya useremala, wasichana watatu waliokuwa wakila sinia moja. Nitawaeleza yote yaliyowafikisha hapo, bila kumpendelea mtu. Hukumu nitawaachia ninyi.

Chuo cha Misitu cha Ihemba kiko juu milimani, mahali ambapo ukungu hauondoki mpaka saa nne. Kina desturi moja. Timu yake ikifuzu kwenda mashindano ya taifa ya vyuo, hupandwa msonobari mmoja kando ya barabara ya kuingilia, na chini yake husimikwa kibao cha mbao kilichochomwa jina la mtu aliyeifikisha timu huko. Mtu mmoja, si timu. Mkuu wa chuo wa kwanza alisema mti hauna mashina matatu. Ni uongo, na kila mwanamisitu anajua ni uongo, lakini alikuwa mkuu wa chuo, basi ikawa hivyo. Miaka thelathini, miti minne. Majina yote manne ni ya wanaume.

Ukiona ni jambo dogo, basi hujui kazi yao. Mhitimu wa Ihemba hupangiwa pori. Anaweza kukaa mwezi mzima hajasikia mtu akimwita jina. Wale wanne, hata wakiwa porini, wanajua kwamba kila asubuhi kuna mtu anayepita pale barabarani akiwasoma.

Sasa wajue hawa watatu.

Sekela Mwaisumo kipaji chake ni mkono. Alikuwa na maneno makali, na wenzake walimlipa kwa kumnyima mpira. Mazoezini unapita kulia kwake, unapita kushoto kwake, kwake haufiki. Basi akawa anashuka uwanjani peke yake asubuhi, kabla ya uji, na mpira wake uliochunika. Anatupa, anaukimbilia mwenyewe kwenye ukungu, anarudi, anatupa tena. Kila wiki alisogea nyuma hatua moja. Mtu asiye na wa kumpasia hujifunza kutupa kutoka mbali.

Namsifu Mshana kipaji chake ni hesabu. Hachezi. Yeye ni mwandishi wa pointi, na katika ligi ya kanda yao chuo mwenyeji ndicho hutoa mwandishi. Anayekaa kwenye meza ile hana timu. Haruhusiwi kushangilia, haruhusiwi kunong'ona, hata kutabasamu huangaliwa vibaya. Ihemba ikishinda, wenzake wanarukiana upande wa pili wa uwanja, naye anakusanya sahihi za waamuzi. Akimaliza, uwanja mtupu, wamekwenda kula. Lakini daftari lake lilikuwa na matokeo ya vyuo vyote sita, na ukimuuliza nafasi ya kufuzu ikoje, alikujibu kabla hujafunga mdomo. Alitaka siku moja awe mwamuzi wa meza wa taifa. Leseni ya kanda tayari alikuwa nayo.

Na Ezelina Chaula? Huyu kipaji chake ni kufika. Mfupi, mzito wa miguu, mpira ukimjia hufumba macho. Lakini tangu mwaka wa kwanza, ukiacha siku za msiba, hakuwahi kukosa zoezi, mvua au jua. Mwalimu Kihwele, kocha wa timu, alimweka mwisho wa benchi na kumsahau huko.

Haya. Ligi yenyewe, ya mpira wa kikapu wa wasichana, ilikuwa hivi. Vyuo sita, kila kimoja kinakutana na kingine mara mbili, viwili vya juu vinakwenda taifa. Ukishinda unapata pointi mbili. Ukifungwa unapata moja, kwa sababu ulikuja ukacheza. Usipoleta timu, sifuri. Na timu isiyo na wachezaji watano uwanjani haianzi mchezo.

Mechi ya saba ilikuwa ugenini, dhidi ya chuo cha uhasibu. Wiki ile matubwitubwi yaliingia bwenini. Wasichana walivimba mashavu, mmoja baada ya mwingine, mpaka Ijumaa wakabaki wazima wanne. Wa tano alikuwa Ezelina, naye alikuwa nyumbani kwao. Baba yake alikuwa amefariki, na Jumamosi ndiyo siku ya kuondoa tanga.

Mwalimu Kihwele alimpigia simu. "Mwanangu, sikulazimishi. Nakwambia tu kwamba tuko wanne."

Kwa ukoo wa kina Chaula, asubuhi ya kuondoa tanga mtoto wa kwanza hukabidhiwa koti la marehemu mbele ya watu. Ezelina ndiye wa kwanza. Alipofunga mkoba wake alfajiri, baba yake mdogo alisimama mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kuna mechi, baba mdogo. Nisipofika hawachezi."

"Mechi!" Aligeuka akawatazama waliolala kwenye mikeka. "Sikieni, jamani. Baba yake yuko ardhini, yeye ana mechi. Ukivuka kizingiti hiki, koti atavaa mwenzio."

Akavuka. Alifika uwanjani robo saa kabla ya filimbi, kichwa kimenyolewa, akacheza dakika zote arobaini. Walifungwa sabini na moja kwa thelathini, na katika hizo thelathini hakuna hata moja yake. Wenzake walirudi kwenye basi wamenuna. Hakuna aliyemwambia asante, maana nani hushukuru kwa kufungwa? Alipokwenda nyumbani baadaye, koti lilikuwa limevaliwa na binamu yake. Akasalimia. Waliitikia nusu.

Lakini pointi moja iliandikwa.

Ikaja mechi ya mwisho, Ihemba nyumbani dhidi ya chuo cha wauguzi. Wahasibu walikuwa wameshafuzu, ikabaki nafasi moja. Wauguzi walikuwa na pointi kumi na sita, Ihemba kumi na tano. Ihemba wakishinda, wote kumi na saba. Ondoa ile moja ya Ezelina, uone kama kulikuwa na mechi ya kuzungumzia.

Timu mbili zikilingana pointi, kanuni hutazama mechi zilizozikutanisha zenyewe. Kule kwa wauguzi Ihemba walikuwa wamefungwa kwa tofauti ya nane. Kwa hiyo kushinda tu hakutoshi, ilibidi washinde kwa tisa. Mwalimu Kihwele alikulia kwenye soka, na kikapu alijifundisha ukubwani. Yeye alijua hivi: mmeshinda moja, tumeshinda moja, basi tuhesabu vikapu vya msimu mzima, na sisi tuna vingi.

Namsifu alimfuata asubuhi na daftari. "Mwalimu, si hivyo. Tunahitaji tisa."

"Mwanangu, wewe ni wa kalamu," alijibu, akiwa anafunga kamba za viatu. "Niachie uwanja."

Zikabaki sekunde kumi na moja. Ihemba wanaongoza kwa sita, mpira uko mikononi mwa Sekela, na siku hiyo alikuwa nao kwa sababu mwenye kuutawala siku zote alikuwa ametolewa kwa makosa matano. Mwalimu alikuwa amesimama mikono juu. "Kaa nao! Kaa nao! Atakayeutupa aniletee jezi yangu!" Benchi zima likaitikia, kaa nao, kaa nao. Hata mashabiki.

Namsifu alikuwa mezani na kalamu yake. Kunyamaza kulikuwa kazi yake, na kanuni inasema wazi kwamba mtu wa meza akiisaidia timu anavuliwa leseni. Alisimama mpaka kiti kikaanguka.

"Sita hazitoshi! Tisa, Sekela! Tisa!"

Kanuni aliivunja, sitamfichia. Alijua anachovunja na alijua bei yake. Mwamuzi alimwonyesha mlango palepale mechi ilipokwisha, na ndani ya wiki kanda ikachukua leseni yake.

Sekela alisikia sauti mbili. Upande mmoja mwalimu na chuo kizima. Upande wa pili msichana mmoja ambaye kwa miaka mitatu hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Alikuwa hatua mbili nyuma ya mstari wa pointi tatu, mtu amemfunika usoni. Akikosa, jezi imekwenda, na wale waliomnyima mpira watasema waliona mbali. Hakuna aliyemsogelea kumsaidia, wala hakutazama kama yupo.

Akatupa.

Ukaingia bila kugusa chuma. Tisa. Wauguzi walitupa wa kwao kutoka katikati ya uwanja, ukagonga ubao, kengele ikalia.

Mngedhani watatu hawa walikumbatiana. Sekela alibebwa na watu ambao jana yake hawakumsalimia, na aliwatazama kama wageni. Namsifu alikuwa nje ya uzio, amegeukia ukuta. Ezelina alikusanya chupa za maji, kazi ya mwisho wa benchi.

Wiki iliyofuata Fundi Kadinde akapasha chuma, na ndipo ugomvi ule mliousikia.

"Mimi nilipoteza leseni," Namsifu alisema. "Kutupa mpira kulikugharimu nini? Wewe ulipata shangwe!"

"Shangwe?" Sekela hakucheka tena. "Unajua nimetupa mipira mingapi peke yangu pale chini? Ungepiga kelele mpaka koo likauke, nani mwingine angeuingiza?"

"Kwetu hawamsemeshi mama yangu kwa sababu yangu," Ezelina alisema. "Nataka nimlete hapa, nimwonyeshe jina la Chaula. Nimwambie, mama, sikwenda kucheza."

Akaitwa Mwalimu Kihwele aamue. Alisimama mlangoni, akawatazama mmoja mmoja.

"Mimi nilisema akae na mpira," alisema. "Mimi nilimwambia wa kalamu aniachie uwanja. Na yule wa tatu, ukiacha siku ile tulipokuwa wanne, msimu mzima sikumpa hata dakika kumi. Mtu kama mimi ataje nini?" Akaondoka.

Chuma kikapoa. Mti ukapandwa, kibao kikasimikwa kitupu.

Huko taifa walicheza mechi tatu wakafungwa zote. Sekela na Ezelina walikaa basi moja safari nzima, viti vya mbali. Namsifu alibaki chuoni, akayafuata matokeo kwenye simu na kuyaandika daftarini, ingawa hakuna aliyekuwa anamuuliza tena. Siku hizi kila mmoja yuko kwenye pori lake, na hawapigiani simu.

Mwezi huu Fundi Kadinde anastaafu. Hataki kuacha kibao kitupu, na chuma amekipasha tena.

Sasa ninyi mliokaa hapa. Asiniambie mtu "wote watatu", hilo ni jibu la mtu anayeogopa kuchukiwa, na kibao hakilipokei. Asiniambie "hakuna", maana timu ilifika. Yuko aliyeacha koti la baba yake ili pointi moja iandikwe. Yuko aliyetupa leseni yake mwenyewe ili ukweli usikike. Na yuko aliyetupa mpira wakati chuo kizima kinamkataza. Mtoe yeyote kati yao, hakuna mti.

Wewe ungemwambia fundi achome jina la nani, na kwa haki gani? Hadithi nimekupa nzima, sikukuficha kitu. Nakudai jina moja. Litaje.