Bwana, Chagua Wewe

Wapendwa, fungeni Biblia zenu kidogo mnisikilize, maana leo nataka kuwasema, na mimi mwenyewe nikiwemo.

Kulikuwa na mama mmoja katika kijiji cha mlimani, mcha Mungu kwelikweli, mtu wa kwaya na maombi ya Ijumaa. Nyumbani alimuuguza mama mkwe wake, kikongwe asiyeinuka kitandani. Mnaouguza mnajua, mgonjwa wa namna hiyo hakai siku moja bila maji. Na maji yalitoka kwenye kisima kimoja cha pampu, chenye mlango na kufuli. Ufunguo ulikaa kwa mwenyekiti wa kamati ya maji. Asipofungua, ni kushuka mtoni na kupanda tena mlima na ndoo kichwani.

Ukafika wakati wa kumchagua mwenyekiti. Wagombea walikuwa wawili. Wa kwanza mzee wa kanisa, anayesali mpaka unatokwa machozi, lakini aliposhika ufunguo kwa muda alifungua anapojisikia, na ndoo za ukoo wake zikatangulia. Wa pili fundi baiskeli. Huyo, pampu ilipokufa, aliingia kwenye tope siku mbili mpaka ikatoa maji. Lakini mdomo wake ulikuwa mchafu, kanisani alionekana Krismasi tu, na aliwahi kumtukana mume wa huyu mama mbele za watu.

Sasa wewe ungefanyaje? Mama alichanganyikiwa. Akimfikiria fundi, anaona amewasaliti washirika wenzake. Akimfikiria mzee, anaiona ndoo tupu. Akafunga siku tatu, na siku ya tatu akafanya lile jambo ambalo baadhi yenu hapa mnalifanya, msitazamane. Akafumba macho, akafungua Biblia popote, akashusha kidole. Kikatua kwenye orodha ya fulani aliyemzaa fulani. Akarudia. Kikatua kwenye vipimo vya mapazia ya hema. Mara ya tatu kikaangukia zile ramani za mwishoni, katikati ya bahari. Akajua ni habari ya maji. Lakini maji ya nani, ya mzee au ya fundi?

Kikongwe akamsikia anavyohema. "Unatafuta nini humo, mwanangu?"

"Jibu la kesho, mama. Wote wawili wana doa, na mimi sitaki kumkosea Mungu."

"Haya. Ukimaliza kutafuta, nipe maji ninywe."

Asubuhi wanakijiji wakapewa vikaratasi vilivyokatwa kwenye daftari, kila mtu aandike jina la anayemtaka. Mama akashika kalamu, akaiweka, akaishika tena. Mwisho akaandika: Bwana, chagua Wewe. Akakunja, akatumbukiza, akahisi mzigo umemtoka mabegani.

Katibu akahesabu kwa sauti. Mzee wa kanisa arobaini na tisa, fundi arobaini na moja. Zikabaki zile kura alizokuwa amezitenga pembeni. Akanyanyua moja. "Hii haina mgombea. Imeandikwa, Bwana, chagua Wewe. Imeharibika."

Mama hakuvumilia. "Imeharibikaje, mwanangu, na hayo ni maombi?"

"Mama, maombi yako sijayakataa. Ila Bwana hakugombea."

Watu wakacheka. Katibu akachukua ya pili. Bwana, chagua Wewe. Ya tatu, Mungu aamue. Ya nne hivyo hivyo. Kicheko kikaisha chenyewe. Zilikuwa thelathini na tatu. Mama akageuka, akawaona wanakwaya wenzake wote wanaangalia miguu yao.

Mzee akapokea ufunguo, akasimama. "Bwana asifiwe. Mmeona wenyewe, Mungu amechagua."

Kiangazi kilipokolea, mzee akaenda kwenye kongamano la maombi wiki nzima, ufunguo ukiwa mfukoni mwake. Mama akashuka mtoni. Aliporudi jua lilikuwa utosini, na kikongwe amelala kwenye shuka lililolowa, midomo imepasuka. Akapiga magoti kando ya kitanda, akalia kwa uchungu. "Mama, nilifunga. Niliomba. Kwa nini Mungu hakunijibu?"

Kikongwe akanywa kwanza, kikombe kizima. Kisha akasema, "Kila ukichelewa nakuuliza kulikoni, nawe unaniambia nani hakufungua. Siku pampu ilipopona ulikuja unaimba, ukanitajia nani ameitengeneza. Mimi sijakiona hicho kisima tangu kichimbwe, na jibu nilikuwa nalo. Nililipata kwako."

Ndugu zangu, na sisi je? Tunamtafuta malaika kwenye karatasi ya kura, tukimkosa tunamrudishia Mungu kalamu, halafu tunasema hiyo ndiyo imani. Sisemi fundi ni mtakatifu. Angeshinda, tungekuwa na kazi ya kumkemea kila wiki, na tungemkemea. Wala sina jina la kuwapa, hata mkinivizia pale mlangoni. Mnaosimama foleni kisimani ni ninyi. Yule mama alipewa macho, akapewa miguu, akapewa miaka ya kubeba ndoo. Alikuwa amejibiwa kabla hajaanza kufunga.

Basi tuombe, na tufunge, hata mimi nitafunga pamoja nanyi. Lakini tukishasema amina, kalamu bado iko mkononi mwetu, na nyumbani kuna mtu ana kiu.